Mahali pa Asili pa Bi Kanta

Kijiwe chetu ni benchi moja la chuma hapa Blacktown, Australia, ubavuni mwa duka la mashine za kufulia nguo, likitazamana na kituo cha treni. Halikuwekwa kwa ajili yetu. Liliwekwa kwa wanaongoja basi, kisha njia ya basi ikahamishwa, benchi likasahauliwa, na sisi tukalichukua bila kumwuliza mtu. Kahawa ni yangu. Jina langu Ubaid, lakini hapa naitwa Birika, kwa sababu kila Jumamosi baada ya alasiri natoka Auburn na chupa mbili za kahawa chungu, vikombe sita na kashata za mke wangu Bimkubwa, na mtu akiniomba sukari namwonyesha njia ya kwenda kwa Wazungu. Anayekaa mwisho wa benchi, karibu na pipa la taka, ni Mselem wa Mombasa, aitwaye Jaji: anaendesha mashine ya kunyanyulia mizigo ghalani, na hakuna kesi asiyoitolea hukumu kabla ya kuisikia. Wa pili ni Balagizi wa Bukavu, Profesa, aliyefundisha historia kwao na sasa anakunja mashuka ya hospitali. Wa tatu ni Kinuthia, aitwaye Breaking, mtu wa Thika, anayesambaza vifurushi kwa gari na kutuletea habari za dunia kabla hazijatokea. Wa nne ni Harshad, tunayemwita Mzee Tanga, Mhindi aliyezaliwa Tanga, mkubwa wetu kwa umri na mpole kuliko sisi sote. Mkewe, Bi Kanta, alifariki Novemba iliyopita, na tangu hapo mzee anakunywa kahawa yangu bila kusema kama imepoa.

Jumamosi hiyo ya Julai, baridi ikitukata masikio, Mzee Tanga alikuja na karatasi. Akaiweka mapajani, akatoa kalamu, akaifunika, akaifunua tena.

Jaji: Hiyo ni faini ya maegesho. Usilipe. Waandikie barua.

Mzee Tanga: Si faini.

Jaji: Hujaisoma vizuri.

Mzee Tanga: Mselem, ni fomu ya Kanta.

Jaji akarudisha kikombe chini. Sote tulikula chakula cha Bi Kanta, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na utani kwa jina hilo.

Mzee akatueleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Mwanawe wa pekee, Bhavesh, amejiunga na chama cha utamaduni cha Wahindu, chenye ukumbi dakika kumi tu kutoka hapa. Chama kinaandaa safari ya kwenda India mwezi wa kumi. Kila familia iliyofiwa itabeba majivu ya mtu wake ikayatie katika mto Ganga. Orodha inafungwa leo saa kumi na moja, na Bhavesh atapita hapa saa kumi na nusu kuichukua fomu. Kila kitu amekwisha kukijaza mwenyewe. Umebaki mstari mmoja na sahihi ya mume. Mstari wenyewe unasema: mahali pa asili pa marehemu, Bharat.

Breaking: Bharat ni wapi?

Mzee Tanga: India. Ndivyo wenyewe wanavyoiita.

Breaking: Si uandike tu, mzee? Mstari mmoja.

Mzee Tanga: Niandike nini? Kanta kazaliwa Pangani. India hakuwahi kuikanyaga. Tulipanga safari mara mbili. Ya kwanza akashika mimba ya Bhavesh. Ya pili akasema goti linamuuma, na siku ile ile nikamwona anapanda ngazi kusafisha madirisha.

Jaji: Na majivu sasa hivi yako wapi?

Mzee Tanga: Karakana. Kwetu hayawekwi ndani ya nyumba. Yako rafuni, juu ya mashine ya kukatia majani. Asubuhi nachukua chai yangu, naenda kunywa naye. Bhavesh anadhani natafuta bisibisi.

Nikamwongezea kahawa ingawa kikombe kilikuwa bado hakijafika nusu. Sikujua jambo jingine la kufanya.

Profesa: Bon. Lakini hapo mbele ya neno “asili”, kwa nini wameshaandika Bharat? Kama banakuuliza, si bangekuachia nafasi ujibu mwenyewe?

Mzee Tanga: Ndiyo maana nimekaa nayo siku tatu. Wiki iliyopita Bhavesh alinipeleka kwenye mhadhara wao. Ukutani pana picha ya Mama Bharat. Mama mzuri, kavaa sari, kasimama mbele ya ramani ya India, na simba ubavuni. Mhadhiri kijana, kasoma, sauti yake tamu. Akasema Uhindu si dini tu, ni taifa. Na taifa si pasi wala kura. Ni damu, ni utamaduni, ni ardhi. Mtu wa taifa hilo ni yule ambaye nchi ya baba zake na nchi yake takatifu ni moja, ile ile. Akasema popote mtu huyo alipo yuko ugenini, hata akikaa hapo miaka mia, na kwao ni kule.

Jaji: Ebu ngoja. Rudia hapo. Nchi ya baba na nchi takatifu ziwe moja?

Mzee Tanga: Ndivyo.

Jaji: Basi mimi nimekwisha! Nchi yangu takatifu ni Makka. Babu yangu katoka Hadhramaut. Mimi kitovu changu kiko Mombasa, Mji wa Kale. Pasi yangu ina picha ya kangaruu. Sasa kwa sheria hiyo mimi ni wa wapi?

Breaking: Buda, wewe unangoja tu kuunganisha ndege.

Profesa: Na mimi, nchi takatifu Yerusalemu, nchi ya baba Walungu, kule karibu na Bukavu. Hata ramani moja haiwezi kuzikamata zote mbili.

Mzee Tanga: Mnacheka, lakini hilo nalo alilisema. Kwamba Waislamu na Wakristo wa kule, hata wawe wamezaliwa palepale, wao na baba zao, moyo wao uko kwingine.

Jaji: Alisema hivyo?

Mzee Tanga: Alisema kwa adabu. Lakini alisema.

Jaji alitazama pembeni, akamtazama ndege mmoja mwenye mdomo mrefu aliyekuwa anachokoa pipa. Nilimjua, roho ilimuuma.

Birika: Na Wahindu wote wanayakubali hayo?

Mzee Tanga: Wapi! Dada yangu wa Leicester akimsikia atamfukuza kwa ufagio. Pale pale nyuma yangu alikaa mama mmoja wa Chennai, akaninong'oneza: sisi tuna miungu yetu na lugha yetu siku nyingi, ramani tumepewa juzi. Wapo wengi wa namna hiyo. Ila hawashiki maikrofoni.

Profesa alikuwa ameinua kidole muda mrefu, kama yuko darasani, nami nikampa ruhusa kwa kumpa kashata.

Profesa: Sikieni ba ndugu. Mwaka wa sabini na mbili mimi nilikuwa mutoto wa miaka saba. Inchi yetu ikaitwa Zaïre. Serikali ikasema, sasa turudie asili. Hakuna tena kuvaa kravati. Hakuna tena jina la Ukristo. Papa, baba yangu, alikuwa anaitwa Rufus. Asubuhi akaenda ku bureau, kazini, akiwa Rufus, magaribi akarudi akiwa Cirhuza. Mama hakujua amuite nani. Tangu siku ile mpaka papa anakufa, mama alikuwa anamuita “We”.

Tulicheka. Hata yeye alicheka, kisha akainama.

Birika: Na hilo jina jipya lilikuwa baya?

Profesa: Lilikuwa zuri! Lilikuwa jina ya babu yake mwenyewe. Njo mateso yenyewe hapo. Jina ya babu, nguo ya kwetu, lugha ya kwetu, ni nani atakataa? Lakini bakamupatia kwa kumunyang'anya. Kitu yako mwenyewe unapewa na polisi.

Jaji: Mimi hukumu yangu ni hii. Taifa la mtu ni tumbo lake. Mzee, siku zenu za kufunga Bi Kanta alipika nini?

Mzee Tanga: Muhogo.

Jaji: Wa nini?

Mzee Tanga: Wa nazi. Na pilipili kidogo. Aliupeleka siku moja pale chamani, wakamwambia huo si mfungo wa asili. Akawaambia mama yenu mkubwa kafunga kwa muhogo miaka sitini, na Mungu hajalalamika.

Jaji: Kesi imekwisha. Andika hapo: muhogo.

Breaking: Zii, zii, zii. Nyinyi wazee mnabishana kitu ilishaisha. Skizeni. Kuna video nimeona jana nikingoja mtu afungue geti. India haikuwa Asia.

Jaji: Ilikuwa wapi? Thika?

Breaking: Ilikuwa imeshikana na Afrika! Hapo kwetu, pande ya pwani, na Madagaska katikati. Ikakatika. Ikaelea mamilioni ya miaka, ikaenda ikagonga Asia, na hiyo kugonga ndiyo iliinua milima ya Himalaya.

Jaji: Nani kakwambia uongo huo?

Profesa: Hapana, ni kweli. Iko mu kitabu ya jiografia. Niliifundisha.

Hakuna kitu kibaya kijiweni kama Profesa kumkubalia Breaking. Breaking alisimama, akaweka kikombe changu chini, maana alihitaji mikono yote miwili.

Breaking: Mmeona sasa? Wahindi hawakuhamia Afrika. India ndiyo ilihama! Babu yake Mzee alipopanda meli kuja Tanga alikuwa anarudi tu, amechelewa kidogo.

Jaji: Miaka milioni ngapi?

Breaking: Themanini. Si mbaya. Na Australia? Pia! Ilikuwa imeshikana upande ule mwingine. Hapa tumekaa, hii benchi, ilikuwa shamba moja na Tanga. Kwa hivyo majivu ya Mama yakiwa kwa karakana, yako nyumbani.

Jaji: Na Ganga?

Breaking: Ganga inatoka wapi? Himalaya. Himalaya iliinuliwa na nini? Na kipande ya Afrika. Basi Ganga ni mto ya kwetu. Hata Kenya inafaa kuwalipisha maji.

Mzee Tanga alicheka mpaka akavua miwani. Miezi minane sijamwona akicheka hivyo, na mimi, mtu nisiyependa kusema mambo haya, nilifurahi kama nimempata ndugu aliyepotea. Lakini alipomaliza kuifuta miwani hakuivaa. Aliishika mkononi.

Mzee Tanga: Msimcheke mwanangu lakini.

Jaji: Hatumcheki Bhavesh, mzee. Wallahi.

Mzee Tanga: Najua. Nawaambia tu. Bhavesh alipokuwa na miaka tisa, shule ya pale Rooty Hill, watoto walimwuliza wewe ni mtu wa wapi. Akaja nyumbani akaniuliza, baba, sisi ni nani? Nikamwambia kwa fahari, sisi watu wa Tanga. Kesho yake akasimama darasani akasema, mimi natoka Tanga, Afrika. Wakamcheka mpaka akalia. Mwalimu akamwambia kwa upole, nadhani umekosea, mpenzi. Hakuniuliza tena. Akaanza kumwaga chakula cha mama yake kwenye pipa la shule, akawa anakula mkate mtupu. Miaka thelathini mtoto yule hakuwa na la kujibu. Halafu watu wa chama wakamshika bega, wakamwonyesha picha ukutani, wakamwambia huyu ndiye mama yako, na wewe ni wetu. Mimi nilimpa jibu refu. Wao wamempa jibu fupi. Ningekuwa yeye ningelichukua.

Treni ya kwenda mjini ikaingia, ikatoka.

Mzee Tanga: Na mimi nina langu. Mwaka sabini na moja nyumba ya baba pale Tanga ilitaifishwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tunapakia vyombo, jirani yetu, mtu tuliyefuturu kwake, akaniambia, rudini kwenu. Nikamwuliza, kwetu wapi? Akarudi ndani kwake. Sikumchukia, yeye mwenyewe alikuwa anaogopa. Sasa nina miaka sabini na kitu, nakaa kwenye kiti cha plastiki Blacktown, kijana mzuri wa dini yangu ananiambia neno lile lile, rudini kwenu. Tena kwa upendo.

Jaji: Basi usiijaze. Ichane.

Mzee Tanga: Nikiichana nampoteza Bhavesh. Amemlilia mama yake kupitia karatasi hii. Nikiijaza, nitaandika uongo juu ya Kanta, na hiyo ndiyo karatasi yake ya mwisho. Nifanye nini, Mselem? We si jaji?

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Jaji aliomba apewe muda wa kufikiri.

Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Mlango wa duka la kufulia ukafunguka, akatoka mama mmoja na kikapu cha mablanketi yaliyokaushwa, bado yanatoa mvuke kwenye baridi. Alikuwa Déborah, Mkongo wa kanisani kwa Profesa. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Akatusalimu, kisha akamwona Mzee Tanga, akaweka kikapu chini.

Déborah: Papa Harshad? Ni weye?

Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ndipo tukajua kwamba miezi mitano ya mwisho, Bi Kanta alipokuwa amepoteza kumbukumbu na kulazwa kule, aliyekuwa akimhudumia asubuhi ni huyu. Mzee alikuwa akienda mchana, kumlisha.

Profesa akamweleza Déborah kwa ufupi, kwa Kiswahili chao cha haraka: majivu, fomu, mto, saa kumi na moja. Déborah alisikiliza, akaitazama fomu, akauliza swali kana kwamba anauliza jambo ambalo kila mtu analijua.

Déborah: Na Mwanaidi je? Yeye anasema bamupeleke wapi?

Mzee Tanga: Mwanaidi yupi?

Déborah: Mwanaidi wa Mama. Si ni ndugu yake?

Mzee Tanga alitutazama mmoja mmoja, kama mmoja wetu ndiye anayemjua. Sisi tukamtazama yeye.

Déborah: Kila asubuhi nilikuwa namunawisha, alikuwa ananiita Mwanaidi. “Mwanaidi, maji yasiwe ya moto.” “Mwanaidi, nisukie.” Kihindi alikuwa ameshasahau yote. Bakaleta mufanyakazi wa India amusemeze, akamuangalia tu. Kiswahili njo kilibakia. Mimi nilifikiri ni dada yake. Nilimungojea siku ya mazishi. Niliwaza, leo nitamuona Mwanaidi.

Mzee Tanga: Mimi mchana alikuwa ananyamaza. Nikimsemesha Kigujarati, anyamaza. Nikadhani amechoka.

Aliivaa miwani, akaivua tena.

Mzee Tanga: Mama yake alifariki Kanta ana miaka miwili. Baba yake hakuoa tena, alikuwa dukani kutwa. Aliniambia siku za uchumba. Nikamwuliza, nani alikulea? Akasema, yaya. Basi. Hata sikuuliza jina. Sote tulikuwa na yaya. Wetu sisi tulimwita Yaya tu, mpaka anazeeka, mpaka tunaondoka, mama kamwachia sufuria mbili na shuka. Jina lake silijui mpaka leo.

Mimi nilizaliwa Unguja, na nyumba hizo nazijua. Bibi yangu alifua katika mojawapo. Ningeweza kusema neno pale, na lilikuwa kali. Nilimtazama mzee, nikaona analisema mwenyewe moyoni, nikamwacha.

Bhavesh alifika saa kumi na nusu kamili, kama alivyoahidi. Mwanamume mrefu wa miaka arobaini, shati limepigwa pasi, uzi mwekundu wa hekaluni mkononi. Anakisikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza akauliza kama fomu imesainiwa, maana ukumbini wanangoja.

Mzee Tanga: Bhavesh, mama yako alipata kukutajia Mwanaidi?

Akatikisa kichwa. Baba yake akamweleza, na alipokwama Déborah akaendelea. Bhavesh alisimama anasikiliza, funguo za gari mkononi. Naye alikuwa akienda kumwona mama yake kila Jumapili, anakaa saa nzima akimwonyesha picha za India kwenye simu, na mama akitazama dirisha. Nililijua hilo kwa sababu mzee alinisimulia, na nililiona likipita usoni mwake.

Kisha akamwuliza Déborah, kwa Kiswahili. Kilikuwa kimekauka, kinakwama, lakini ni cha Tanga kabisa.

Bhavesh: Na wewe... akikuita, ulimjibu vipi?

Déborah: Mwanzo nilimwambia, hapana mama, mimi ni Déborah. Akalia. Siku ya pili tena akalia. Siku ya tatu akanikasirikia, akasema, Mwanaidi, nikikuita huitiki? Sema “abee”. Kwetu hatusemi vile, sikujua hata maana. Lakini nikasema abee. Akacheka. Kutoka siku ile mpaka mwisho, nilikuwa nasema abee.

Bhavesh alikaa. Hapakuwa na nafasi kwenye benchi, Breaking akainuka haraka akampisha. Nikamtilia kahawa, ilikuwa ya mwisho, yenye machicha, naye akainywa yote bila kuuliza sukari.

Bhavesh: Baba, yuko hai?

Mzee Tanga: Mwanaidi? Angekuwa na miaka mia. Hapana. Lakini atakuwa na watoto. Wajukuu. Kaburi.

Bhavesh: Pangani?

Mzee Tanga: Pangani.

Aliichukua fomu mapajani mwa baba yake. Akausoma ule mstari kana kwamba fomu si yeye aliyeileta. Niliangalia saa ya kituoni: dakika kumi na mbili kabla ya saa kumi na moja, na ukumbi ni dakika kumi.

Bhavesh: Na Ganga?

Mzee Tanga: Ganga ipo, mwanangu. Mwakani ipo. Ukitaka twende tutakwenda wote, mimi na wewe, tutaiona. Sikukatazi Ganga. Lakini tutampelekaje mama yako popote, na aliyekuwa akimwita hatujamjua?

Bhavesh alitoa simu, akawaandikia watu wa chama maneno machache, wasimngoje, akaiweka mfukoni kabla hawajajibu. Macho yalikuwa yamemwiva. Sisi wengine tukawa tunatazama mablanketi ya Déborah.

Jaji: Mimi nina dada yangu Huda, kaolewa Tanga. Na mama mkwe wake ni mtu wa Pangani, kazaliwa huko, anajua mpaka paka wa watu. Kule sasa hivi ni asubuhi, saa nne kasoro.

Hakungoja ruhusa. Alipiga, akaweka sauti ya nje, akaishika simu katikati yetu. Huda akaitika, nyuma yake majogoo na redio. Jaji akamweleza kwa kelele, kama kawaida ya watu wa Mombasa wanaodhani umbali unataka sauti: duka la Mhindi, Pangani, mtoto akiitwa Kanta, aliyefiwa na mama, yaya wake Mwanaidi, miaka ya hamsini. Tukamsikia Huda akimhadithia mama mkwe. Tukasikia kiti kikivutwa. Bibi alikuwa anakuja mwenyewe kwenye simu.

Bibi: Pangani kina Mwanaidi walikuwa wengi, wanangu. Mwanaidi binti nani?

Watu saba tulikuwa hapo. Mmoja alifundisha historia, mmoja ni jaji, mmoja ana habari za dunia nzima mpaka za miaka milioni themanini. Bibi akangoja. Akauliza tena, taratibu, akidhani simu imekatika. Mzee Tanga alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Bhavesh akamshika baba yake goti, akainama kwenye simu.

Bhavesh: Bibi, shikamoo. Hatujui binti nani. Tunakuja kuuliza.